Ireland ya Kila Asubuhi

Mahamud alikuwa na ugomvi na nchi nzima, na nchi yenyewe haikuwa na habari. Kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akafungulia redio ya ule mji mdogo wa katikati ya Ireland walikoishi miaka kumi na minne, kisha akakaa kuisubiri ikosee. Redio haikumwangusha hata siku moja.

"Umesikia?" alisema Jumatatu hiyo. "Wamemzika mtu mara ya pili."

Barwako, mkewe, alikuwa akimkatia mama yake mkate vipande vidogo vidogo. Hakuuliza. Aulize asiulize, angeambiwa.

Mambo yalikuwa hivi. Redio za mikoani kule zina desturi ya kusoma matangazo ya vifo: fulani wa kijiji fulani, mazishi saa fulani, kanisa fulani. Mahamud, Msomali wa Isiolo aliyeendesha basi katika vijiji hivyo, aliwajua marehemu wengi kwa vituo walivyokuwa wakishukia. Hadi leo, akiwa Small Heath, Birmingham, kila jina likisomwa alisema innalillahi kwa sauti ya chini. Sasa asubuhi hiyo mtangazaji alikuwa amechukua karatasi ya wiki iliyopita, akaisoma yote bila kushtuka.

"Mzee Gilhooley alizikwa Jumanne iliyopita," Mahamud alisema. "Nilisikia mwenyewe. Sasa wale wazee wa kule mlimani watavaa suti waende kanisani wakute limefungwa, na mvua inanyesha. Na huyu hataomba radhi. Ngoja uone, atapiga muziki."

Muziki ukapigwa. Mahamud akatikisa kichwa kama mwalimu aliyesahihisha daftari lilelile miaka kumi na minne.

Binti yao Idil, wa miaka kumi na mitano, alijibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwamba wao hata hawaishi huko. Baba yake akamtazama kwa huruma, kama mtoto aliyesema jambo la kitoto. Nyumbani mwao Kisomali kilikuwa cha bibi, Kiingereza cha watoto, na Kiswahili cha Isiolo kilikuwa cha mume na mke, cha kupendania na cha kulalamikia. Siku hizi kazi ya pili ilikuwa imeifunika ya kwanza.

Lakini Barwako hakuyachukia malalamiko yale. Yalimchosha, ndiyo, maana mtu aliyetoka kuwageuza wagonjwa kitandani zamu nzima hana nguvu za kumlaani waziri wa nchi nyingine. Ila kila Mahamud alipoisema Ireland vibaya, moyo wake ulitua kidogo. Ni yeye Barwako aliyemtoa kule. Miaka mitatu iliyopita mama yake alianguka kwenye ngazi za nyumba hii, na hapakuwa na binti mwingine. Wakafunga mizigo kwa wiki mbili. Mahamud akaacha basi lake, akaacha vijiji vyake, hakusema neno. Sasa anaendesha basi la Coventry Road.

Halafu, siku sita kabla ya Jumatatu hiyo, simu ya Mahamud ililia yeye akiwa kwenye sala. Barwako akaipokea. Alikuwa Fintan, meneja wake wa zamani. Fintan alisema madereva hawapatikani, njia ya Mahamud iko wazi, hata nyumba watamsaidia kutafuta. Ila anataka jibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

"Fintan amepiga," Barwako alimwambia mumewe alipokunja mkeka.

"Nitampigia," Mahamud alisema, na hakuongeza kitu.

Barwako naye hakuuliza. Aliogopa jibu. Badala yake alifanya jambo ambalo hakulionea fahari: alianza kuchochea moto. Alimwandikia binamu yake Nafiso, aliyebaki kule, amtumie kila upuuzi atakaouona: wa serikali, wa dukani, wa barabarani, asichague.

Nafiso hakuwa mchoyo. Jumanne alituma picha ya kibanda kipya cha abiria kilichojengwa kikiipa barabara mgongo. Ukikaa ndani unatazama ukuta wa ghala. Diwani alikuwa ameshakata utepe na kutabasamu mbele yake.

Mahamud aliikuza picha ile hadi ikawa madoa matupu. "Sasa dereva atajuaje kuna mtu? Abiria atoe mkono kwa nyuma? Na huyu anacheka nini? Angekaa kwanza, angalau angekaa."

Jumatano kikafika kutoka kwake kifurushi cha biskuti alizozipenda Mahamud. Kampuni ilikuwa imebadilisha pakiti na kuandika kwa herufi kubwa kwamba sasa ni rahisi zaidi kufungua. Mahamud alivuta uzi mwekundu, ukakatika. Akatumia kucha, kisha meno, kisha kisu cha nyama. Mwishowe pakiti ilipasuka upande wa chini na biskuti zikatapakaa sakafuni.

"Rahisi zaidi kuliko nini?" aliuliza akiwa amepiga magoti. "Kuliko kuvunja benki?"

Jioni hiyohiyo redioni waziri mmoja alieleza jinsi alivyopunguza foleni ya hospitali. Alipobanwa, ikatokea kwamba waliokuwa kwenye foleni wamehamishiwa foleni nyingine yenye jina jipya. Mahamud hakupaza hata sauti. Alilala kwenye kochi, akaweka mkono juu ya macho, akasema polepole, "Watu hawa wataniua, Mama Idil." Barwako akamfunika shuka, akajisemea kwamba mtu aliyechoshwa hivyo hawezi kurudi.

Alhamisi akamsimulia Achieng. Walifanya kazi pamoja katika nyumba ya wazee kule Sutton Coldfield, na siku walipotoka zamu moja walirudi mjini kwa treni, wakikaa kwa kutazamana, kila mmoja amelegeza kamba za viatu.

"Kwa hivyo sina wasiwasi," Barwako alimaliza. "Kesho ndiyo Ijumaa, na hajataja kitu. Huwezi kurudi mahali unapopatukana kutoka asubuhi mpaka jioni."

Achieng alikuwa akikanda kifundo cha mguu. "Na Birmingham je? Anaitukana?"

Barwako akaanza kutafuta mfano. Alikumbuka takataka zilizolundikana mtaani kwao wiki baada ya wiki hadi panya wakawa hawakimbii tena. Mahamud alipita kando yake akasema watakuja kuzoa tu. Alikumbuka siku barabara ilipochimbwa, akakaa ndani ya basi saa nzima pasipo kusogea. Alifika nyumbani akasema haina shida. Nyumba ina unyevu, haina shida. Jirani anapiga ngoma, haina shida.

"Hapana," alisema. "Hajawahi."

"Woi, pole, my dear," Achieng alisema, na hakuwa anatania. "Mimi mume wangu Derrick ananiambia kila siku ugali wangu haujaiva. Siku atakula anyamaze, aseme asante, hapo ndio nitajua anakula kwingine. Ni mgeni ndiye hasemi chumvi imezidi."

Treni ikaingia steshoni. Barwako alishuka, akapanda basi la nyumbani, na njia nzima alijiona mjinga. Siku kumi alikuwa akimlisha mumewe habari za kwao akidhani anamlisha sumu.

Baada ya Magharibi, mama yake akiwa ameshalala na Idil yuko chumbani, alimkuta Mahamud jikoni akiosha vyombo. Hakuzunguka.

"Baba Idil, Fintan umemjibu nini?"

Mahamud aliendelea kusugua sufuria. "Nilimjibu siku ileile. Nilimwambia siji."

"Siku ileile?"

"Nilimwambia hooyo hawezi ngazi, na wewe huwezi kumwacha mama yako. Ningemwambia nini kingine?"

Barwako alivuta kiti akakaa. "Na mimi mbona hukuniambia?"

"Ungelia. Kisha ungesema niende. Tungebishana wiki nzima halafu tufike palepale." Alifunga bomba. "Nilikuonea huruma. Unarudi umechoka."

Alipaswa kufurahi. Hicho ndicho alichokiombea. Badala yake aliona aibu, aibu nzito inayokaa kifuani, na akajua akinyamaza sasa watanyamaza miaka mingine mitatu.

"Ulitaka kwenda?"

"Nilitaka sana," Mahamud alisema. "Nataka mpaka sasa. Yatapita."

"Basi niambie kitu kimoja unachokikosa. Usiniambie redio."

Alikausha mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kule," alisema mwishowe, "mkipishana barabarani, dereva anainua kidole kimoja kwenye usukani. Hiki. Hamjuani, hamtaonana tena, lakini anainua. Trekta, lori, padri, kila mtu. Nilipoanza hapa nilikuwa nainua. Kila basi nililopishana nalo Coventry Road, miezi sita. Hakuna aliyejibu. Mmoja alisimama kwenye taa, akafungua dirisha akaniuliza nina tatizo gani naye."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia haina shida." Alikaa mbele yake. "Nikaacha kuinua."

Barwako alitaka kuomba msamaha, na hakujua aanzie wapi. Akasema tu, "Walikosea."

"Walikosea sana," Mahamud alisema, na ghafla sauti yake ikawa ileile ya asubuhi. "Jiji la watu zaidi ya milioni moja na hakuna aliyefundishwa salamu? Na ile taa yenyewe. Ile taa ya pale kwenye mzunguko, Mama Idil, umewahi kuihesabu? Sekunde nane. Basi lina abiria sabini, unapewa sekunde nane, anayetoka kwenye maegesho ya duka anapewa dakika. Nani alikaa akapanga hivyo? Na takataka. Usinifanye nianze na takataka."

"Anza," Barwako alisema.

Akaanza. Alikuwa nayo yote, miaka mitatu nzima, imepangwa kwa tarehe: panya, barabara iliyochimbwa mara nne kwa bomba lilelile, unyevu wa ukuta, jirani na ngoma zake, mashine ya tiketi inayokataa sarafu halali. Barwako alikuwa amechoka hadi kwenye nyayo, na zamu yake ya kesho ilianza saa kumi na mbili na nusu. Lakini hakumkatiza. Alimsukumia kikombe cha chai, akaegemea ukuta, akamwomba Mungu mumewe asimalize upesi.