Chumba cha Mtandao cha Semisi

Serikali ilituletea mtandao kisiwani kwetu huku Ha'apai ndani ya chumba kimoja chenye mlango mmoja. Fundi akawa Semisi, maana hapakuwa na mwingine aliyeujua. Kwamba ana dada, Lavinia, hakuna aliyekumbuka. Kwetu Tonga kaka na dada wakishakuwa watu wazima hawakai chumba kimoja. Dada akiingia, kaka hutoka.

Lavinia alikuwa na usaili wa video wa kazi ya kujibu wateja wa kampuni moja ya Auckland, akiwa hapa hapa. Akiipata, angebaki na mwanawe. Akiikosa, angeenda kuchuma zabibu Australia na mtoto angebaki kwa shangazi Kalo.

Asubuhi hiyo hiyo alifika Sosefo, ofisa wa serikali kutoka mji mkuu, Nuku'alofa, amejifunga kiunoni mkeka mpya wa heshima kama ilivyo desturi yetu, kukusanya maoni ya mkakati wa taifa wa uchumi wa kidijitali. Alikuwa na maneno mengi mno.

Lavinia akaingia, Semisi akatoka. Salamu hazijaisha, picha ikaganda.

"Semisi! Limekufa hili dude lako!" Kalo akapiga kelele.

"Dada yumo?"

"Atoke, uingie!"

Lavinia akatoka, Semisi akaingia, akachokonoa nyaya, picha ikarudi. Akatoka, dada akaingia. Ikaganda tena. Wakapishana hivyo mlangoni, kila mmoja akitazama chini, na Auckland wakawa wanaona mara mwanamke, mara mwanamume anayetoka jasho.

"Lavinia, huyo anayekusaidia majibu ni nani?" sauti kutoka Auckland ikauliza.

"Ni kaka yangu. Fundi."

"Basi mwambie akae hapo, tumwone."

Lavinia akautazama mlango, kaka yake akiwa nje. Wakamshukuru kwa muda wake, na kazi ikaishia hapo.

Sosefo alikohoa. "Mkakati wetu una sura nzima ya wanawake."

"Mheshimiwa, una dada?" Kalo akamuuliza.

"Ninao wawili."

"Humu wangekaa wapi?"

Sosefo akakitazama chumba. "Vyumba vimeshajengwa namna hii kwenye visiwa vyote," akasema, akaona haya. Nilimhurumia kidogo, si sana.

Lavinia aliondoka na ndege ya Alhamisi. Jumamosi Kalo alimleta mtoto aongee na mama yake. Semisi akamkalisha kitini, akafungua mtandao, na uso wa dada yake ulipotokea kiooni akatoka. Baada ya dakika chache tulimsikia mtoto akiita, "Mama! Mama, mbona husogei?" Semisi alikuwa mlangoni, mkono kwenye kitasa, hajui kama picha iliyoganda nayo huhesabiwa kuwa dada.