Kalamu Iliyogusa Wimbi

Mwaka wa hamsini na saba, Alawi bin Bwanaheri alikuwa fundi wa simu ya upepo katika kampuni moja ya chumvi pale Bagamoyo, na hakuna kitu alichokipenda kama oskiloskopu. Ilikuwa mashine yenye kioo cha duara, na humo mstari wa kijani ulichora umeme jinsi unavyopanda na kushuka. Mafundi wengine walisikiliza redio. Alawi aliitazama, na hakuficha kwamba alijiona mbele yao.

Ijumaa ile, sanduku la simu ya motaboti ya kampuni lililetwa mezani kwake likiwa bubu. Chombo kilikuwa kiondoke kwenda Saadani baada ya swala, na fundi mashine wake alikuwa Mrisho, mdogo wake Alawi, tumbo moja.

Alawi alichukua waya wa kawaida wa kupimia, akagusa pale mawimbi yanapozaliwa. Mstari kiooni ukalala. Alijua sababu: waya nao una uzito wake, na umeme mwembamba wa pale hauwezi kuubeba. Akauweka kando, akatwaa kalamu.

Hilo ndilo jina alilokipa kile kijiti cha kupimia kilicholetwa kutoka Ulaya. Ndani ya ncha yake mlikuwa na kizuizi kilichopunguza umeme mara kumi kabla ya kuufikisha kiooni, na uzito wake nao ukapungua karibu hivyo hivyo. Kwanza akakaza skrubu yake ndogo mpaka mstari wa majaribio ukasimama na pembe zilizonyooka, dalili kwamba kalamu inasema kweli. Kisha akagusa. Mawimbi yakacheza.

"Unaona?" alimwambia Mrisho, aliyekuwa ameegemea mlango. "Inaangalia bila kugusa."

"Kaka, mimi naona sanduku la kufugia kuku. Lina nyaya tu badala ya mayai."

"Siku utakayoliita ukiwa baharini, utaliita bwana."

Alawi akabana kalamu mahali pake, ili mikono yake yote iwe huru, akaanza kuzungusha skrubu ya upande wa kusemea, maana ule wa kusikilizia ulikuwa mzima, akitafuta masafa ya kituo huku Mrisho akisema ndani ya sanduku. Chumba cha pili alikaa Abdala, msikilizaji wa kituo, mtu mzima ambaye Mrisho na kaka yake walimwita mjomba kwa heshima.

"Bado!" Abdala alipaza sauti. "Bado... hapo! Hapo hapo, usiguse tena! Mrisho, nakusikia kama umekaa mapajani mwangu."

"Mapajani mwako nikae nina nini, mjomba?"

Walicheka. Muadhini akaanza kuadhini, Abdala akatoka kwenda kutawadha. Alawi akaibandua kalamu, akafunga kifuniko, akakaza skrubu zake na kuwafuata wenziwe msikitini.

Desturi ya kituo ilikuwa kuita mara ya pili kutoka chomboni kabla ya kufungua kamba. Baada ya swala Mrisho alilipachika sanduku mahali pake, akauliza, "Tuite, kaka?"

Abdala alikuwa amezuiliwa uani mwa msikiti na watu waliokuwa na shauri la mazishi. Maji yalikuwa yameanza kupwa, na nahodha alikuwa akifoka.

"Umuite nani, kiti cha Abdala?" Alawi akajibu. "Nimeona kwa macho yangu. Nendeni."

Alasiri upepo wa kusi ukakaza. Saa kumi Abdala aliita motaboti, akasubiri, akaita tena. Kimya. Alawi alikuja akakaa pembeni yake, mwanzoni kwa utulivu.

"Labda hawajawasha," alisema.

"Mdogo wako si mtu wa kusahau kuzungumza."

Abdala akaita tena. Alawi alitazama vidole vya mzee juu ya gurudumu la masafa, vimetulia palepale aliposema "hapo hapo" kabla ya swala. Ndipo akaelewa. Waya ulikuwa umeyaua mawimbi. Kalamu haikuyaua, ilikuwa nyepesi. Lakini nyepesi si sawa na haipo. Mgeni mpole akilala nyumbani, wenyeji bado husogea kumpisha. Yeye alikuwa amelirekebisha sanduku mgeni akiwa bado ndani; kisha mgeni akaondoka, na wimbi likahama, likapanda juu ya masafa ya kituo.

"Panda, mjomba," alisema. "Zungusha upande wa juu."

"Masafa yetu ni haya."

"Zungusha, nakuomba kwa Mungu!"

Abdala akazungusha polepole. Mngurumo. Muziki wa mbali. Mngurumo tena. Kisha, mbali kabisa na alama yao, sauti ya Mrisho, imekauka kwa kuita:

"...nakusikia, mjomba, kila ukiita nakusikia, mbona wewe hunisikii? Mashine imekufa tangu mchana, maji yameingia, tunasukumwa kwenye mwamba kusini ya Saadani..." Akapumua. "Bagamoyo mmelala? Au sanduku la kaka ni la kuku kweli?"

"Mrisho!" Abdala alirukia swichi ya kusemea. "Tumekusikia! Tumekusikia, mwanangu!"

Alipoirudisha swichi, palikuwa na mngurumo tu.

Watu walitumwa, kwa lori mpaka barabara ilipoishia, kisha kwa miguu. Alfajiri waliikuta motaboti imelala kifudifudi mwambani. Nahodha na mabaharia walikuwa wameng'ang'ania mbao, wakaokolewa. Walisema Mrisho alibaki chini na simu hata walipomwambia atoke, kwa kuwa kaka yake mwenyewe ndiye aliyeitengeneza.

Walimzika Bagamoyo. Matanga yalipoanuliwa, mama yao, Biubwa, alimwita Alawi chumbani.

"Abdala ananiambia mlimsikia. Alisema nini mwanangu?"

Alawi alitaka kusema kwamba alimsalimia. Salamu hiyo alikuwa ameiandaa tangu kaburini.

"Aliuliza kama sanduku langu ni la kufugia kuku."

Mama akacheka, mara moja, kicheko kilichomtoka bila ruhusa. Kisha akamtazama.

"Ukamjibu nini?"

"Sikuwahi, mama."

Biubwa akageuza uso ukutani, na Alawi akabaki ameketi pale mlangoni, kwani hakuambiwa akae wala aondoke.