Akishatembea

Mtoto wa kwanza wa Jenifa alizaliwa Masakta msimu wa palizi. Katekista alimbatiza haraka haraka kwa maji ya kikombe, wakamwita Vicent, na kabla juma halijaisha wakamzika nyuma ya zizi. Maziwa hayana adabu. Hayakujua kwamba mtoto amekufa, yakaendelea kutoka na kulowesha gauni la mama yake mchana kutwa, na Alfredi, mumewe, akakaa kwenye kigoda akiangalia pembeni kwa sababu hakujua la kufanya.

Wiki hiyohiyo, kule Daudi, milimani upande wa Mbulu, dada yake Jenifa aliyeitwa Tekla alijifungua mtoto wa kiume, na damu ikakataa kukatika. Mama yao, Bibi Efrazia, alipotoka kumzika binti yake alimfunga kichanga kifuani kwa shuka, akapanda lori la maharage hadi Katesh, njia iliyobaki akaimaliza kwa miguu. Aliingia kwa Jenifa bila hodi, akamweka mtoto mapajani mwake.

"Mnyonyeshe," akasema. "Kulia tutalia baadaye."

Wazee wa jirani hawakufurahi. Desturi ya zamani ya Wairaqw inataka nyumba iliyofiwa na mtoto anyonyaye ijitenge. Watu wake wasichote maji pamoja na wenzao, wasiombe moto, wasitembelee wala kutembelewa mpaka muda wa msiba uishe. Sasa ndani ya nyumba hiyo kimeletwa kichanga cha watu wengine, kinyonye maziwa ya msiba! Katekista alisema hayo ni mambo ya kale. Watu wakaitikia kanisani, kisha wakatoka nje na kuendelea kupita mbali na ule uzio. Hata jina la marehemu hawakulitaja. Mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake, lakini huyu hakuna aliyemwita Mama Vicent.

Siku za matanga zilipokwisha, alikuja Baltazar, mume wa Tekla, mkulima na mchuuzi wa maharage, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Alikaa mbele ya Bibi Efrazia na katekista akasema lililomleta. Mtoto ataitwa Sebastiani. Mtoto ni wa ukoo wa baba, hilo halina mjadala.

"Mlee, shemeji," akasema. "Akishatembea, arudi kwa baba yake."

Jenifa alitikisa kichwa kukubali. Mtoto mwenyewe hata shingo haijakaza. Kutembea kulikuwa mbali kama Dar es Salaam.

Wakawa wazazi wapya hivyo, kwa mtoto wa kuazimwa. Mashamba makubwa ya ngano aliyofanyia kazi Alfredi yalikuwa yakisubiri mnunuzi, na vibarua walirudishwa majumbani. Basi yeye, tofauti na wanaume wenzake, alishinda nyumbani akimtazama mtoto. Wakati Hanang nzima inabishana kama mkoa mpya wa Manyara utawaletea lami au utawaletea wakubwa wengine tu wa kulisha, Alfredi alikuwa anabishana na mkewe kuhusu meno. Jino la kwanza yeye ndiye aliyeligundua, kwa kuumwa kidole. Lilikuwa la chini, namshukuru Mungu, alisema, maana lingeanza la juu maneno ya watu yasingekwisha. Alikimbilia uani kutangaza, akakuta hakuna mtu wa kumtangazia, akawatangazia mbuzi. Jioni alichinja jogoo, wakala wawili.

Seba alipoanza kukaa, walimchimbia kishimo uani, wakakitandika matambara, wakamkalisha humo akitazama Mlima Hanang kama mzee wa baraza. Alipoanza kutambaa, alitambaa moja kwa moja mpaka kwenye majivu, na Jenifa alicheka mpaka akashika mbavu, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Tangu Vicent afe hakuwa amecheka.

Kila jambo jipya Alfredi alilipeleka kwenye mnada wa Katesh, ambako Baltazar alishuka na magunia yake. Baltazar hakumrudisha mikono mitupu. Kwa jino alinunua kofia ya mtumba, kwa kukaa akanunua sweta, kwa kutambaa suruali yenye viraka vya magotini. Alivikabidhi, akauliza swali lilelile.

"Anasimama?"

"Bado, kaka."

"Atasimama," alisema Baltazar, akapanda tena lori kurudi Daudi kwenye nyumba yenye mamake na kitanda kitupu.

Ni pale mtoto aliposimama dede, ameshika kigoda, magoti yanatetemeka, ndipo Jenifa alipoelewa walichokuwa wakikisherehekea. Jino lilikuwa hatua ya kwanza kuelekea getini. Kukaa, hatua nyingine. Jogoo wote wale waliowachinja walikuwa wa kumuaga mtoto. Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakusema ni mzazi yupi.

Scolastica, jirani pekee aliyethubutu kumsalimia ng'ambo ya uzio, aliliona hilo usoni mwake. "Usimzoee, mwenzangu," akamwambia. "Nguo ya kuazima haisitiri matako." Jenifa akaitikia kwamba ni kweli, akaingia ndani akaendelea kumzoea.

Seba alitembea asubuhi moja jikoni. Jenifa alikuwa anachambua maharage, mtoto ameshika kigoda, akakiachia, akaja. Hatua chache, mikono juu, mdomo wazi kwa kujishangaa, akamwangukia mama yake kifuani na maharage yakamwagika. Jenifa alipiga kigelegele. Kilifika nusu, akajiziba mdomo kwa kiganja. Kule njiani kulikuwa na watu wanapita kwenda shamba. Alinyanyuka akafunga mlango.

Alfredi aliporudi na majani ya ng'ombe, alishangaa kukuta mlango umefungwa kweupe.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Lakini Seba hakuwa ameambiwa kwamba hakuna kitu. Aliachia tena kigoda, akaenda mpaka kwenye magoti ya Alfredi, akayakumbatia. Alfredi alimtazama mtoto, akamtazama mkewe, akautazama mlango. Kisha akaufunga tena kwa komeo.

Wakakaanga mayai. Wakachemsha chai ya maziwa, wakamimina sukari bila huruma. Wakakaa sakafuni wakitazamana, mtoto akaenda kwa huyu akarudi kwa yule, akaanguka, akainuka, na kila alipofika walimpigia makofi yasiyo na sauti. Hapajawahi kuwa na sherehe kubwa kuliko ile katika nyumba hiyo, na hakuna aliyealikwa.

"Mnadani usiende," akasema Jenifa.

"Nisipokwenda atakuja mwenyewe. Nitakwenda. Nitasema bado."

Naye alisema bado. Mwezi uliofuata akasema bado tena, na macho ya Baltazar yakaanza kuingiwa na wasiwasi. Nyumbani, Jenifa alimfunga Seba mbelekoni tangu jua linapochomoza. Alilima naye, akateka maji naye, akapika naye mgongoni, mtoto mzito, anapiga mateke, analilia ardhi. Alimteremsha ndani tu, mlango ukiwa umefungwa. Usiku mgongo ulimuuma, naye aliyapenda maumivu yale.

Mwaka ukatimia. Baltazar aliagiza kwamba atakuja kufanya sherehe, na alikuja kweli, kwa gari la kukodi, na keki kutoka Babati iliyopata vumbi njiani, na mama yake mzazi Bibi Judica, na Bibi Efrazia, na katekista. Nyuma yao, akiswagwa kutoka mnadani, alikuja ng'ombe mwenye ndama. Majirani nao wakaja, maana muda wa msiba ulikuwa umekwisha hata kwa hesabu za wazee. Kwa mara ya kwanza tangu Vicent azikwe ua wa Jenifa ulijaa watu. Pilau lilinukia mpaka barabarani.

"Shikamoo mama. Shikamoo shemeji," Jenifa aliwaamkia wageni, mtoto mgongoni.

Baltazar alisimama akazungumza. Hakuwa msemaji. Alisema ng'ombe yule na ndama wake ni wa Jenifa, wa shukrani, na kwamba hata zizi zima lisingetosha. Kisha akafuta mikono kwenye suruali.

"Haya, shemeji. Mteremshe tumwone anavyotembea."

"Hatembei," Jenifa akasema. "Bado."

Bibi Judica aliweka chini sahani yake.

"Mwaka mzima, na hajainua mguu?" Akawageukia watu. "Mimi nilisema tangu mwanzo, nikaonekana mshamba. Maziwa ya msiba hayo. Mtoto amenyonyeshwa kifo cha yule mwenzake, miguu itapata wapi nguvu?"

"Mama, hapana," katekista alisema, lakini alisema kwa sauti ndogo. Watu walijitahidi kutokumtazama Jenifa kifuani, na kila mmoja akamtazama.

Baltazar hakufoka. Alikuja akachuchumaa nyuma ya Jenifa, akaushika mguu wa mwanawe ulioning'inia nje ya mbeleko, akaupapasa kutoka gotini hadi kisiginoni.

"Basi leo asiondoke," akasema polepole. "Akae na wewe, shemeji, mpaka atembee. Hata ikiwa miaka. Hata asipotembea kabisa. Hakuna atakayemtunza kama wewe." Akaupapasa tena ule mguu. "Tekla aliniachia huyu mmoja tu. Na huyu mmoja naye..."

Akalia mbele za watu, mwanaume mzima, ameshika kile kimguu.

Basi Jenifa alikuwa ameshinda. Lile aliloliomba kila usiku amepewa hadharani, mbele ya katekista, na ng'ombe juu yake. Alfredi, aliyesimama karibu na sufuria ya pilau, alimkazia macho: nyamaza, nyamaza tu. Kunyamaza ndiyo kazi pekee iliyobaki.

Lakini kule nyuma ya zizi alikuwapo Vicent, ambaye hakuishi hata juma moja, ambaye hakumdhuru mtu, na sasa anabebeshwa mguu wa mwenzake. Na huyu mtu atarudi Daudi leo, alale kwenye kile kitanda akijua ana mtoto kiwete, na si kweli. Mojawapo angeweza kulivumilia. Yote mawili hakuweza. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Jenifa alikuwa ameficha uzima, na uzima nao ulikuwa unampiga mateke mgongoni.

Alifungua fundo la mbeleko.

Seba alipogusa ardhi alimshika gauni, akamwinulia uso akicheka, akidhani ni ule mchezo wao. Jenifa alichuchumaa. Alimshika mabega akamgeuza aelekee kwa Baltazar. Akavibandua vile vidole kutoka kwenye gauni, kimoja kimoja, kwa sababu kila alipotoa kimoja kingine kilirudi.

"Nenda," akamwambia. "Nenda kwa baba."

Mtoto alisimama dede, akawatazama watu wengi kiasi kile, kisha akaona vifungo vya shati la Baltazar vinang'aa. Akaenda. Hakuyumba. Alitembea kama mtu anayekwenda dukani, na mwenye macho angejua kwamba miguu ile haikuanza leo. Bibi Efrazia alijua. Alikuwa amelea wengi. Alimtazama binti yake mmoja aliyembakia, akainamisha kichwa, kisha yeye ndiye aliyetangulia kupiga vigelegele, kwa nguvu, kabla mwingine hajapata nafasi ya kufikiri.

Ua mzima ukalipuka. Baltazar alimnyanyua mwanawe juu, machozi na kamasi, akizunguka naye.

"Ameanza! Mbele yangu! Shemeji, ni kweli? Ndiyo mara ya kwanza?"

Jenifa alimwona Alfredi amefumba macho.

"Ndiyo, shemeji," akasema. "Ndiyo mara ya kwanza."

Bibi Judica alikuja, akamshika mikono miwili. "Nisamehe, mwanangu. Mdomo wangu huu. Maziwa yako ni mazuri." Jenifa akamjibu kwamba yamekwisha.

Waliondoka jua lingali juu, kwa ajili ya barabara. Seba alikataa kitambaa cha bibi yake, akalia mpaka walipomfunga kwa mbeleko ya Jenifa, ndipo akalala. Hivyo aliondoka amelala. Jenifa alitaka sana aamke, alie walau kidogo, amnyooshee mkono. Hakuamka. Gari likapotelea upande wa Katesh, na vumbi lake likakaa hewani muda mrefu.

Ndani, Alfredi aliketi sakafuni palepale walipokaa siku ya mayai.

"Kwa nini umemwambia ni mara ya kwanza?"

"Yeye hakuona jino," akasema Jenifa. "Hakuona lolote. Kimoja na awe nacho."

Alfredi alilia, na Jenifa akamlaza kichwa mapajani, kwa kuwa mapaja sasa hayakuwa na mtoto.

Asubuhi aliamka gauni limelowa kifuani. Alilala kidogo akisikiliza, akasahau, akakumbuka. Uani ndama alikuwa anamlilia mama yake. Alfredi alisema atakamua yeye, lakini Jenifa aliinuka, akachukua kibuyu, akaenda mwenyewe. Ng'ombe alikuwa mtulivu. Maziwa yalikuwa mengi, ya moto, yakajaa mpaka povu likamwagika, na ndani hapakuwa na wa kuyanywa.

Mtu akabisha getini. Alikuwa Scolastica, kikombe mkononi, na safari hii hakusimama ng'ambo ya uzio. Aliingia mpaka uani, akasita, kisha akasema kwa sauti ya kawaida ya jirani aliyeishiwa kitu.

"Hodi, Mama Vicent. Naomba maziwa kidogo ya mtoto."

Jenifa, amechutama kwa ng'ombe, aliegemeza kipaji cha uso kwenye ubavu wake.

"Karibu," akasema hatimaye. "Lete hicho kikombe."