Nani Atamcheka Bwana Deli

Ng'ombe hawakuwa tatizo. Hilo lisemwe mapema, maana watu wa Bariadi wana midomo, na hadi leo wapo wanaoapa kwamba Machibya alitaka kumnyima mzungu binti yake kwa ajili ya mahari. Uongo mtupu. Ng'ombe mzungu aliwakubali wote, tena alikubali haraka mno mpaka wazee wakaona haya kwamba hawakupata nafasi ya kugombana naye kidogo.

Mzungu mwenyewe aliitwa Deli, Mmarekani, fundi wa mashine za kuchambua pamba. Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia, ushirika unakohoa, na kila mwenye lori na mzani anajiita kampuni. Kampuni moja ikajenga kiwanda nje kidogo ya mji, ikanunua mashine kuukuu kutoka Marekani, na kwa kuwa mashine hazikutaka kusikia la mtu, ikabidi aletwe mtu wa kwao azibembeleze. Alikuwa mrefu, shingo imebabuka kwa jua, na kichwani alivaa kofia ya babu yake, nyeusi kwa grisi, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mlinzi wa kiwanda aliwahi kuijaribu kichwani kwa mzaha, Deli akamnunia mpaka mwisho wa msimu.

Siku mashine ilipombana kidole alipelekwa hospitali, na aliyemfunga kidole alikuwa muuguzi Violeth. Kidole kilipona mapema, lakini mwenye kidole akaendelea kuja kukionyesha.

Sasa Violeth huyu alilelewa na shangazi yake, Milembe, muuza vitenge sokoni Bariadi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mteja aliye ng'ambo ya barabara. Violeth alikuwa amevuka thelathini. Wachumba walikuja wakapungua, wakapungua wakaisha, na majirani walishaanza kumwonea huruma ile ya kuinamisha kichwa. Kwa hiyo Milembe aliitaka ndoa hii kuliko bibi harusi mwenyewe. Alipokwenda Mwamanyili kumpa habari kaka yake Machibya, baba wa Violeth, alikwenda amejipaka mafuta, akijua kwamba anakwenda kupewa ndiyo.

Machibya alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja, akasema akipata jibu lake atatoa mke, na asipopata, mzungu arudi kwenye mashine zake.

"Huyo mtu ni kabila gani, na watani wake ni akina nani?"

Milembe akataka kucheka, lakini kaka yake hakuwa na uso wa kuchekwa. Machibya akamweleza kana kwamba anamweleza mgeni. Mtu huyu akifa hapa kwetu, nani atakuja kulala kaburini mwake akatae kutoka mpaka apewe kuku? Nani ataiga mwendo wake mbele ya wafiwa? Nani atamwambia Violeth anyamaze, marehemu mwenyewe alikuwa bahili? Msiba usio na mtani ni kilio juu ya kilio, haukatiki. Mtu asiye na wa kumcheka, alisema Machibya, hana kwao, na yeye hawezi kumtoa binti aolewe na mtu asiye na kwao.

Mtu mwingine angebishana. Milembe hakuweza, kwa sababu ya Januarius. Mume wake alikuwa dereva wa malori, akafia Ndola, akazikwa hukohuko. Watu wa Ndola walikuwa wema. Walimletea chai, wakamshika mkono, wakasema maneno mazuri ya heshima, na hakuna hata mmoja aliyemtania maiti. Milembe alirudi na kitu kimekwama kooni, na tangu hapo hakikupanda wala hakikushuka. Basi akamwahidi kaka yake kwamba Jumapili atakuja na jibu.

Alimfuata Deli nyumbani kwake, Violeth akatafsiri. Deli akajibu kwa furaha kabisa kwamba wao hawana kabila. Wahindi Wekundu wanayo makabila, alisema, na Wamarekani weusi wana mila zao na muziki wao, na Wameksiko wana sherehe zao. Wao wazungu ni watu wa kawaida tu.

Milembe alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. Kila mtu kwao ni wa kawaida, mwanangu. Hata Mmasai na mkuki wake, ukimuuliza atakwambia wa ajabu ni wewe. Akaamua kukaa pale alasiri nzima amtazame, na aliyoyaona siku hiyo aliyasimulia sokoni mpaka wateja wakasahau kupatana bei. Mtu anakuuliza habari yako huku anapita, hasubiri jibu. Anashukuru akipewa chumvi, anashukuru akipewa kijiko, angeshukuru hata akikanyagwa. Ukimpa zawadi anaichana palepale mbele yako, kama mpekuzi wa mpakani, kisha anapiga yowe la furaha hata kama ni mayai. Baba yake mzazi anamtaja kwa jina. Na ukutani ametundika picha ya mbwa, mbwa aliyekufa, karibu na picha ya mama yake. Huyu, alisema Milembe, ana mila nyingi kuliko mganga, ila zimemkaa kisogoni, na kisogo chako hukioni.

Basi mwenye mila ana kabila, na mwenye kabila hakosi ndugu. Milembe akapiga hesabu. Mmarekani mweupe mwingine katika wilaya nzima alikuwa Padri Fini wa misheni, mzee mwenye ndevu za njano, aliyekaa kwetu mpaka Kisukuma chake kikawashinda watoto wa mjini. Mweupe na mweupe, Marekani na Marekani, kabila moja hilo, nani atabisha? Padri asimame mbele ya Machibya aseme huyu ni wetu, na watani wetu ni fulani na fulani. Kazi imekwisha.

Alipomwambia, Padri Fini alikuna ndevu, akasema atakuja kula samaki, na akiulizwa neno atasema kweli. Milembe alilisikia la kuja, la kweli likampita.

Jumapili baada ya misa wakapanda pikapu ya misheni wote wanne, wamebanana, na kabla hawajafika Lamadi Milembe alishaanza kutokwa jasho. Hao ndugu wawili walikuwa wanagombana. Alimbana Violeth amtafsirie. Ilianza na uji. Deli alisema kwao, kusini kwenye mashamba ya pamba, asubuhi wanakula uji mzito wa mahindi na siagi. Padri akasema kwao kaskazini chakula hicho wanapewa kuku. Deli akasema watu wa kaskazini wanachemsha kabichi bila chumvi na kuongea kwa pua. Padri akasema afadhali pua, watu wa kusini wakianza sentensi asubuhi wanaimaliza jioni. Milembe akamkanyaga Violeth mguu, akamwambia awanyamazishe. Violeth akasema wako hivyo tangu siku ya kwanza walipokutana, na yeye kashazoea.

Machibya aliwapokea vizuri. Salamu za mwadila zikapita kwa utaratibu, habari za ng'ombe, habari za mvua, na Padri akajibu zote kwa Kisukuma mpaka wazee wakatikisa vichwa. Samaki sato wakaletwa. Wageni wakanawa, wakala, na Machibya akasubiri mpaka mifupa ikabaki mitupu. Ndipo akamgeukia Padri, akamuuliza kama huyu Deli ni ndugu yake.

"Hapana," akasema Padri Fini.

Milembe aliona dunia inageuka. Padri akaendelea, taratibu, kama anayefundisha katekisimu. Babu zake yeye walitoka kisiwa kinachoitwa Ireland, wakikimbia njaa baada ya viazi kuoza mashambani. Walipofika Marekani, wazungu waliotangulia waliwanyima kazi na kuwazomea kwa dini yao, weupe wao haukuwasaidia kitu. Mababu wa Deli walikuwa wameshakaa kusini, Wabaptisti, watu wa pamba. Kisha ikaja vita, kaskazini na kusini, juu ya utumwa, na babu wa baba yake akavalishwa sare akaenda kupigana na babu wa babu wa huyu kijana. Kwa hiyo ndugu, hapana. Kabila moja, hata yeye hajui.

Deli alikuwa amefuata maneno nusu nusu kwa Kiswahili chake cha kiwandani. Akanyanyua kichwa.

"Nyumba yetu walichoma," akasema. "Kuku wetu walikula. Wote."

"Walikuwa wamekonda," akajibu Padri.

Milembe akainamisha kichwa, akamtazama Violeth, akaona naye amejishika magoti kama mtu anayengojea sindano. Milembe alijilaumu kwa kumleta padri, akajilaumu kwa kujifanya mjuzi wa wazungu, akaona tayari majirani wakiinamisha vile vichwa vyao vya huruma. Ndoa imekufa, na aliyeiua ni yeye na hesabu zake.

Machibya lakini alikuwa amesogeza kigoda mbele.

Akauliza kama ni kweli walipigana. Ni kweli. Watu wengi walikufa? Wengi mno. Na sasa wanapigana? Hapana, siku hizi wanatukanana tu. Akamuuliza Deli, padri akikwambia bibi yako anapika chakula cha kuku, unamfanya nini? Deli akafikiri, akasema hamfanyi kitu, anangojea zamu yake. Na mtu mwingine akisema hivyo, mfano mimi? Deli akasita, akaangalia chini kwa adabu, akasema angeumia.

Machibya akapiga paja.

"Milembe, umeniletea jibu halafu unalia! Watani ni nani, kama si watu waliopigana mpaka wakachoka?"

Na hapo ikazuka hoja kubwa kama wazungu wa Marekani basi ni makabila mawili au ni moja lenye koo zinazochokozana. Milembe, roho imemrudia, akasema wote wawili wameshukuru kwa kila kipande cha samaki, na wote wawili huwaita baba zao kwa majina yao matupu, kwa hiyo kuna chungu kimoja walichokula. Padri akakataa, Deli naye akakataa, wakakataa kwa maneno yaleyale na kwa mabega yaleyale yaliyopanda na kushuka, Machibya akawatazama akasema yeye ameridhika. Mtu humtanii usiyemjua. Lakini limebaki moja.

"Padri. Kijana huyu akifa hapa, utakuja kumcheka?"

Padri Fini aliweka mikono juu ya magoti. Akasema atakuja, na atawaambia watu kwamba marehemu amechelewa hata kufa, kwa sababu alikuwa anamalizia sentensi.

Watu wakacheka. Deli hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mzee, akamuuliza pole pole kwa Kiswahili, ili wote wasikie, yeye je, akifa?

Padri akasema yeye atazikwa misheni, na askofu atahubiri.

"Watacheka?"

"Hapana," akasema Padri. "Wataniheshimu."

Milembe alilijua neno lile. Alilijua tangu Ndola, na chai yake, na mikono yake iliyoshikwa kwa upole. Akamtazama mzee yule aliyezika nusu ya watu wa wilaya hii, ambaye siku yake ikifika atafukiwa kwa adabu tupu kama mgeni, na akamwonea huruma ya kweli.

Deli alisimama. Akatafuta maneno, akayapata moja moja.

"Mimi nitakuja. Nitalala kwenye kaburi lako. Sitoki mpaka wanipe kuku." Akafikiri kidogo. "Mnene. Wa kulipa wale wa kwetu."

Padri Fini alianza kwa kucheka. Alicheka kwa tumbo, ndevu zikitikisika, halafu kicheko kikapinda njiani kikawa kitu kingine, machozi yakamtoka mzee wa watu mbele za wakwe. Alipapasa kitambaa mfukoni, hakukipata. Akanyoosha mkono akaipokonya ile kofia nyeusi ya grisi kichwani mwa Deli, akajifutia uso wote, akapengea na kamasi.

Violeth akafumba macho. Machibya akamkazia macho Deli, kwa maana mtani huchukua cha mtani wake, na mwenye kitu akikasirika basi si utani. Deli aliitazama kofia ya babu yake. Akamwambia Padri aifue kabla ya kuirudisha, akakaa.

"Mtoto ni wenu," akasema Machibya.

Wanawake wakapiga vigelegele, na katikati ya vigelegele Milembe akasikia sauti yake mwenyewe inasema, bila kuulizwa na mtu, kwamba marehemu Januarius alikuwa akiimba kanisani vibaya kuliko mbuzi. Watu wakamgeukia. Alikuwa hajawahi kumtaja tangu arudi kutoka Ndola.

Padri Fini, uso bado una grisi, akasema yeye alikuwa akimsikia toka altareni kila Jumapili, na kwamba kusema hivyo ni kuwaonea mbuzi.

Milembe akacheka mpaka koo likafunguka.