Swali la Mtazamaji wa Mbali

Tangu asubuhi mrusha matangazo alikuwa amejibana nyuma ya kamera, akiurusha mkutano wa madaktari wa meno moja kwa moja mtandaoni. Mama yake, aliyekuwa nyumbani kwake mbali, alikuwa amemwomba amtumie kiungo cha kuyatazama.

"Mambo ya meno siyajui, mwanangu, na yangu yenyewe yamebaki ya kuhesabu," alimwambia kwenye simu, "lakini nataka niione kazi yako."

Ulipofika wakati wa maswali, mwenyekiti alianza kusoma yale yaliyoandikwa na watazamaji. La kwanza lilihusu sindano ya ganzi. Alipofika la pili akasita, akaweka miwani yake sawa.

"Mtazamaji anauliza: huyo binti yangu anayeshika kamera, mmempa chakula?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Swali zuri sana," alisema mwenyekiti. "Ajibu mhusika mwenyewe."

Hakuwa na pa kukimbilia. Akaigeuza kamera, akajiona kwenye skrini kubwa, nywele timtim.

"Bado, mama. Lakini nitakula."

"Tumekosa, mama, tusamehe," mwenyekiti akadakia. "Tunapumzika sasa hivi, na sahani ya kwanza ni yake."

Madaktari wakapiga makofi, maana hata wao njaa ilikuwa imewabana. Binti alikuwa ndio kwanza anatia tonge mdomoni simu ilipoita.

"Kula vizuri," alisema mama yake. "Halafu huyo mwenyekiti mwenye adabu, ana mke?"

Binti akapaliwa kwa kicheko.