Krimu Juu ya Poda

Ngozi ya Gahongayire ilikuwa haipatani na jua. Robo saa tu uwanjani, mashavu yanawasha. Kesho yake yanatoka malengelenge. Ndiyo maana Swafiya, msusi wa mtaa wa Kimisagara aliyepanda kilima cha Gisozi kumpamba siku ya posa, mwaka ule wa tisini na moja, alianza na krimu ya kukinga jua, ndipo akaja na poda. Daktari alikuwa ameagiza ipakwe upya kila zikipita saa mbili.

Alimpaka saa nne. Wageni wangefika saa nne na nusu, msichana angetolewa saa tano. Kosa lake Swafiya ni hilo, kuamini saa za posa. Wazee hubishana kwa makusudi: upande wa msichana hujifanya haumjui, upande wa mvulana hubembeleza, watu wanacheka, bia inazunguka. Na msemaji wa upande wa msichana alikuwa mzee Mutsinzi, mtu asiyejua kufupisha. Saa nane bado anasema msichana wa jina hilo hajapata kumsikia.

Chumbani krimu ilikuwa imekwisha nguvu, poda inang'aa kwa jasho. Gahongayire akauliza kama anawe uso. Swafiya akakataa. Kuisugua ngozi ile ni kuichokoza, na kupamba upya kungekula saa nzima. Kupaka kwa kiganja nako, poda ingetoka michirizi.

"Jumamosi nafunga ndoa kanisani," Gahongayire alisema. "Niende na malengelenge?"

Swafiya alikunja leso, akabonyeza jasho bila kufuta. Akaminya krimu kidogo kwenye sifongo, akaigusisha shavuni taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Paji, pua, shavu moja. Hapo shangazi Winifred akachungulia: Mutsinzi amekubali, msichana anaitwa. Nusu ya uso bado, na krimu inataka muda itulie.

"Shangazi, mwambie mzee atafute kosa lingine."

"Yule? Makosa iko nayo gunia zima."

Akaenda kumnong'oneza. Mara wakamsikia Mutsinzi akikohoa. Akasimama tena katikati ya uwanja, akavua kofia kwa heshima, akasema amekumbuka jambo: babu wa kijana aliwahi kupita hapa bila kusalimia. Kicheko kikapasuka. Wageni wakaanza kumwombea babu yao radhi, nao hawakuwa na haraka.

Baada ya dakika ishirini Gahongayire alitoka. Karibu na nywele palibaki weupe kidogo, na wifi mmoja akauliza kama huku watu wanajipaka unga.

Jua lilipopungua, Swafiya alimgusa shavu. Lilikuwa limepoa. Kilichokuwa cha moto ni kipara cha Mutsinzi, aliyesimama bila kofia muda wote ule. Swafiya akaminya tone la krimu, akamgusisha utosini kwa sifongo ileile.

"Na poda?" mzee akauliza.

"Poda ni ya wanaoolewa, mzee. Tulia."