Besi ya Sixbert

Sixbert Hyera alipopunguzwa kazi katika chama cha ushirika, mwaka 1993, watu wa mtaa wa Mfaranyaki, mjini Songea, walidhani atarudi kwao Namtumbo kulima tumbaku kama wenzake waliopunguzwa naye. Hakurudi. Alikodi kibanda kando ya barabara, akatundika ubao ulioandikwa FUNDI REDIO, na kabla mwaka haujaisha majirani wakagundua kwamba fundi wao ana ugonjwa mwingine. Anaokota santuri.

Zilikuwa nyakati za kanda. Biashara ilikuwa imefunguliwa, redio kaseti zimemwagika madukani, na aliyebaki na gramafoni aliona aibu kumwonyesha mgeni. Santuri zilikuwa zimegeuka vyombo vya nyumbani. Sixbert alizikuta zimefunika mitungi ya maji, zimeziba matundu ya mabanda ya kuku, nyingine zimelainishwa kwa maji ya moto na kukunjwa ziwe visahani vya maua. Alikuwa akiingia nyumba ya watu kutengeneza redio, macho yake yanakwenda kwanza uvunguni na juu ya kabati.

Hakutaka kila santuri. Za kwaya aliziacha, za dansi aliziacha. Alitaka zile ndogo, zenye wimbo mmoja kila upande, na katika hizo alitaka za soul peke yake, nyimbo ambazo vijana wa Songea wa miaka ya sabini, wenye suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, walizicheza mpaka mashati yakawaganda mgongoni. Aliyempa moja alirekodiwa kanda nzima ya nyimbo anazozipenda. Watu walimcheka, lakini walimletea.

Na katika hizo zote kulikuwa na moja aliyokuwa akiitafuta hasa. Hakumwambia mtu. Mwaka 1974, akiwa na miaka ishirini, Sixbert alipiga gitaa la besi katika bendi iliyoitwa Matogoro Soul. Kiongozi alikuwa Valeriani, mpiga solo, marehemu sasa. Mwimbaji alikuwa msichana wa Kiyao wa miaka kumi na tisa, Zena Daimu, mwenye sauti iliyokuwa ikiwafanya watu waache bia mezani. Walisafiri mpaka Nairobi, wakarekodi nyimbo mbili kwa siku moja, zikatoka santuri mia mbili. Katoni zilirudi Songea juu ya lori, zimeachwa wazi juani safari nzima, na zilipofunguliwa santuri karibu zote zilikuwa zimejipinda kama majani makavu. Zilizosalia hazikufika ishirini. Wakati huo Sixbert alikuwa ameshachukuliwa Jeshi la Kujenga Taifa. Aliporudi bendi imekufa, santuri zimetawanyika, redioni hazikupigwa hata mara moja. Kwa hiyo wimbo aliopiga mwenyewe, "Nisubiri Lumecha", hakuwahi kuusikia.

Nyingine aliziuza, na mnunuzi wake alikuwa kijana wa Dar es Salaam anayeitwa Jordan, aliyepanda mabasi mikoani kukusanya santuri za zamani kwa ajili ya Wazungu waliozitaka sana, kwa sababu ambazo hata yeye hakuzielewa vizuri. Mwezi wa nane mwaka 1995 Jordan alifika kibandani na karatasi mkononi.

"Shikamoo, mzee Hyera."

"Marahaba. Za safari?"

"Vumbi tu. Mzee, safari hii nimepewa orodha. Kuna moja ya hapa hapa kwenu, wanaililia kama dawa. Inasemekana huko kwao ipo moja tu, na imekwaruzika vibaya." Akakunjua karatasi. "Matogoro Soul. Nisubiri Lumecha. Umewahi kuisikia?"

Sixbert aliinamia redio iliyokuwa wazi mbele yake. "Kuisikia, sijawahi," alisema, na hilo lilikuwa kweli kabisa.

"Basi nimeambiwa Tunduru kuna mama lishe anawapikia wachimbaji wa vito, yeye ndiye aliyeimba humo. Nashuka Mbinga kwanza, wiki ijayo nakwenda Tunduru. Nikiipata, nitakuonyesha."

Jordan alipoondoka, Sixbert alikaa na bisibisi mkononi bila kukaza kitu. Zena! Alikuwa ameambiwa miaka mingi kwamba Zena alihamia Mtwara na mumewe. Alifunga kibanda saa tisa mchana, akaenda nyumbani, akamkuta mkewe Beata anapembua mahindi.

"Baba Hilda, mbona mapema? Unaumwa?"

"Kesho nakwenda Tunduru."

"Kufuata madini na wewe?"

Ndipo akamweleza. Beata alijua mumewe alipiga muziki ujanani, kama wanaume wengi wanavyosema walicheza mpira. Hakujua habari za Nairobi, wala za santuri. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia mapajani.

"Miaka yote hii unachungulia vitanda vya watu," alisema, "unatafuta sauti yako?"

"Siyo sauti. Besi."

"Haya. Nitakufungia viazi. Lakini ukirudi na ugonjwa wa kifua kwa hilo vumbi, usiniite."

Basi la Tunduru lilichukua siku mbili. Lilikwama mara moja kwenye mchanga, likaharibika mara moja, na abiria walilala katika kijiji ambacho Sixbert hakushika jina lake. Njia nzima alipakata gramafoni yake ndogo ya betri, ile ya kufunga kama sanduku, na abiria mwenzake aliyekuwa na kuku alimuuliza kama mle ndani mna mashine ya kupimia vito. Mji wenyewe ulikuwa umefurika watu. Kulikuwa na vibanda vya turubai, Wathai wenye mizani midogo, vijana wenye tope mpaka kwenye kope, na kila mtu anamtazama mwenzake mfukoni. Hakuuliza mara mbili. "Mama Zena wa wali? Fuata moshi ule."

Alimkuta amekaa kwenye kigoda anakanda unga wa chapati, mwanamke mnene wa miaka arobaini, mtandio wa buluu kichwani. Zena aliinua macho, akayashusha, akayainua tena.

"Kaka Sixbert? Wewe Besi?"

"Ndiye mimi, dada Zena."

"Subhanallah! Umepata kipara!"

Walicheka, wakaulizana watoto na wazee, wakahesabiana waliokufa. Mume wa Zena alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, naye alirudi kwao kutafuta riziki. Sixbert alikula sahani nzima ya wali na maharage kabla hajathubutu kusema lililomleta. Zena hakushangaa. Aliingia chumbani, akakaa kidogo, akarudi na kitu kilichofungwa ndani ya kanga kuukuu. Santuri ilikuwa humo, tambarare, nyeusi, lebo yake ya kijani imefifia pembeni tu.

"Ilikuwa chini ya nguo zangu za harusi," alisema. "Marehemu hakupenda nikumbuke mambo ya jukwaani. Hata gramafoni tuliuza. Sijaisikia tangu nilipoolewa."

Sixbert alifuta santuri kwa pindo la shati. Zena akamsaidia kuiweka kwenye gramafoni. Sindano ikashuka, ikakwaruza kidogo, kisha ngoma zikaingia, gitaa la Valeriani likaingia, na sauti ya Zena wa miaka kumi na tisa ikapanda juu ya moshi wa mafiga. Wateja wawili waliokuwa wakila walisimamisha matonge hewani.

Sixbert hakuwa akisikiliza sauti. Alikuwa amepeleka sikio chini, kule besi inakokaa. Alijua kila hatua aliyopiga. Kwenye ubeti wa pili aliteremka ngazi tatu, akasubiri, akapanda. Alisubiri ubeti wa pili. Ukaja. Besi haikuteremka. Ilipita moja kwa moja, laini, imeshiba, kama mtu anayetembea kwenye uwanja wa nyumba yake.

Akainua sindano.

"Huyu nani?"

Zena alitazama mikono yake yenye unga. Aliwageukia wateja akawaambia wamalizie chakula chao nje, chini ya turubai, nao wakatoka bila ubishi.

"Ulikuwa na homa, kaka," alisema taratibu. "Unakumbuka? Ulitetemeka mpaka gitaa likawa linagonga mkanda wako. Tuliporekodi zote mbili, ukaenda kulala gesti. Mwenye studio akasikiliza akasema besi ya Lumecha haifai. Akamwita mtu wake, tukaurudia jioni."

"Na Valeriani?"

"Yeye ndiye aliyetuapisha tusikwambie. Alisema utavunjika moyo, uache muziki. Baadaye ukachukuliwa jeshini, bendi ikafa. Nikasema basi, na siri imekufa nayo."

Sixbert alimfikiria Valeriani, aliyemsindikiza kituoni siku ya kwenda jeshini, akamshika bega, akamwambia besi yake imetulia kama mwamba. Alimfikiria mwenye studio, mtu ambaye hata sura yake hakuikumbuka. Hakuwa na hasira na yeyote. Kilichomuuma ni kwamba kwa miaka ishirini na moja, siku za uchungu, siku ile aliyokabidhi funguo za ofisi ya ushirika na kutoka na bahasha moja, alikuwa akijiambia moyoni: hata hivyo, mimi nilipiga Lumecha. Sasa hilo nalo limeondoka.

"Nisamehe," Zena alisema.

"Wewe hukukosa, dada. Ulikuwa mtoto."

Alianza kufunga gramafoni. Zena akamzuia mkono.

"Geuza."

"Nini?"

"Upande wa pili. 'Barua ya Tatu.' Ule hatukuurudia, muda wa studio ulikuwa umekwisha. Geuza, nami nataka kuusikia."

Huo wimbo Sixbert alikuwa karibu amesahau kwamba upo. Ulikuwa wa taratibu, wa kujazia, hata jukwaani waliupiga mara chache. Akageuza. Kulikuwa na kimya kirefu kidogo, na katika kimya hicho, kabla ngoma haijagonga, kabla mtu yeyote hajaanza, besi iliingia peke yake. Imewahi! Ikashtuka, ikasimama, ikasubiri wenzake kwa aibu, kisha wote wakaondoka pamoja.

Sixbert aliachia kicheko ambacho hata yeye hakukitegemea. "Ni mimi huyo! Nimewahi, umesikia? Nimewahi!"

"Ulikuwa unatetemeka, maskini."

"Mungu wangu, nimeingia kama mgeni wa alfajiri."

Lakini baada ya kosa lile haikukosea tena. Ilikwenda chini ya sauti ya yule msichana hatua kwa hatua, haina mbwembwe, na sauti ilipopanda mahali pa kuvunjika, besi ilikuwa pale chini imeishika. Sixbert aligeuka kumwambia Zena asikilize hapo. Akamkuta ameziba mdomo kwa mtandio, machozi yanamchuruzika, chapati zake zimesahaulika.

"Nilikuwa naimba," Zena alisema. "Kaka, mimi kumbe nilikuwa naimba kweli."

Waliurudia mara nne, mpaka betri zikaanza kuchoka na sauti ya Zena ikawa nzito kama ya mwanaume, wakacheka tena.

Asubuhi, basi likiwa linapiga honi, Zena alimpa ile kanga na santuri ndani yake. Sixbert alikataa, Zena akashikilia. Wakaelewana kwamba aende nayo akatoe kanda mbili, kisha santuri irudi kwa mwenyewe. Alimweleza pia habari za kijana wa Dar atakayekuja na orodha, ili asije akashtukizwa.

"Wanaitaka ya nini hao Wazungu?" Zena aliuliza.

"Nasikia wanacheza."

"Basi wana akili," alisema Zena. "Lakini yangu siiuzi."

Jordan alipopita Songea wiki mbili baadaye, amechoka na mikono mitupu, Sixbert hakumficha tena. Alimwekea kanda, pande zote mbili. Jordan alitikisa kichwa kwenye Lumecha, akatoa karatasi yake, akasema watu wake watakuwa wazimu, mzee aseme tu anataka nini. Sixbert alimwambia mwenye santuri haiuzi, ila atamrekodia kanda, na jina la mwimbaji aliandike vizuri: Zena Daimu, wa Tunduru, yu hai. Wimbo wa pili ulipoanza, Jordan alikunja uso.

"Huyu wa besi kachemsha."

"Amewahi," Sixbert alisema. "Lakini msikilize anavyokwenda."

Santuri na kanda vilirudi Tunduru kwa mkono wa kondakta, ndani ya ile kanga, vimefungiwa kwenye sanduku la mbao alilolipigilia misumari mwenyewe. Jibu lilikuja baada ya mwezi, barua fupi ya mwandiko wa Zena. Alisema wachimbaji sasa wanaijua "Barua ya Tatu" kuliko wimbo wowote, na kuna jioni aliimba nao mpaka wali ukaungua. Alisema pia kwamba kwenye harusi ya binti wa dada yake, baada ya Idi, wanataka waimbaji, naye hana mtu wa kumshikia chini.

Sixbert aliisoma barua mara mbili, akampa Beata naye akaisoma. Kisha akavaa viatu akaenda parokiani, akamwomba mwalimu wa kwaya amwazime gitaa la besi kwa miezi michache. Lilikuwa na nyuzi tatu tu, ya nne imekatika. Alikaa nalo uani mchana kutwa Jumamosi, akifuata "Barua ya Tatu" kwenye kanda, vidole vimekakamaa kama vya mtu aliyeshika jembe maisha yake yote. Beata alikuwa akianika mahindi, akapita, akarudi, hatimaye akaketi kizingitini.

"Hapo umekosea," alimwambia.

"Najua, mama Hilda. Ngoja nianze tena."